Laptopu inachemka kisha inajizima: wadau wa Mwanza, naomba msaada wa kutafuta chanzo

Stesheneri Kirumba (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu. Nina kibanda cha stesheneri hapa Kirumba, si mbali na mwalo. Nachapa barua na CV, natoa kopi, nawajazia watu maombi ya ajira na ya vyuo mtandaoni. Mashine ya kazi ni Dell Latitude iliyotumika, Core i5, RAM 8, ina SSD. Nilipoinunua ilikuwa tulivu kabisa. Siku hizi feni inavuma tangu naiwasha asubuhi, upande wa kushoto penye tundu la hewa hapagusiki, na wateja wakianza kujaa inajizima. Haitoi onyo lolote, inakata tu. Nikiiwasha papo hapo inakubali, halafu baada ya dakika chache inakata tena. Nikiiacha ipoe vizuri inakaa muda mrefu kidogo.

Jana imekata mteja akiwa ukurasa wa mwisho wa maombi yake ya chuo. Tulianza upya na nauli ya kurudi kwao alikuwa ameshaipigia hesabu. Imeniuma sana.

Fundi mmoja kaiangalia kwa nje akasema prosesa imeanza kufa, nitafute madabodi (bodi kuu ya ndani) nyingine. Bei aliyonitajia inakaribia ya mashine nzima. Kabla sijatoa hela, wenye uzoefu huwa mnaanzia wapi?

Igoma Yetu

Pole sana mkuu. Hiyo pesti ya prosesa, ule uji unaopitisha joto kutoka prosesa kwenda kwenye shaba ya kupozea, imekauka. Mwambie fundi abadilishe pesti tu, usinunue madabodi.

Mtu wa Ukerewe

Yangu ilikuwa hivyohivyo, nikanunua stendi yenye feni za chini, ikapungua kidogo lakini haijaisha. Kuna jamaa alinishauri niwe naiingiza kwenye friji kabla ya kuanza kazi. Sijajaribu. Wataalamu mtuambie.

Fundi Mabatini

Dada, pole, na umefanya vizuri kuuliza kabla ya kutoa hela.

Nianze na hilo la prosesa kufa, maana ndilo linalotaka kukugharimu. Ndani ya laptopu, prosesa ni kati ya vitu vinavyodumu kuliko vyote. Ina kinga yake yenyewe. Joto likifika kiwango ilichopangiwa inajipunguzia kasi, na likizidi kupanda hata baada ya hapo inakata umeme wa mashine nzima ili isiungue. Kwa prosesa nyingi za Intel za laptopu kiwango hicho ni kama nyuzi 100, nyingine 105. Sasa mashine yako inakata ikiwa ya moto, ikipoa inawaka na kufanya kazi kama kawaida. Maana yake kinga inafanya kazi na prosesa ni nzima. Kilichoshindwa ni kulitoa joto nje. Habari ya madabodi iweke pembeni kabisa.

Ndugu yangu wa Ukerewe, friji hapana. Hewa yetu ya kando ya ziwa ina unyevu mwingi. Ukiitoa mashine ikiwa ya baridi, matone ya maji yanajitengeneza juu ya kila chuma, hadi ndani kwenye madabodi ambako huyaoni. Ukiwasha hapo umejiletea tatizo lingine kubwa kuliko joto. Na stendi ya feni inasaidia pale tu ambapo njia ya hewa ndani ya mashine iko wazi. Kama imeziba, unabisha hodi kwenye nyumba iliyofungwa kwa ndani.

Pesti inaweza kweli kuwa imekauka, Igoma hajakosea. Ila watu wengi wanabadilisha pesti, wanafunga mashine, inachemka vilevile, kisha wanaamini imeshindikana. Tupime kwanza.

Dada, pakua HWiNFO au HWMonitor, ni programu za kusoma joto la mashine, zote zina toleo la bure. Washa mashine, usifungue chochote, iache ikae kama dakika kumi, uandike joto la prosesa. Kisha fanya kazi zako za kawaida na uangalie namba inafika wapi kabla haijakata. Fungua na Task Manager, ile ya Windows inayoonyesha programu zinazofanya kazi, utuambie prosesa inatumika asilimia ngapi wakati wewe hufanyi kitu. La mwisho ni la kiganja. Mashine ikiwa ya moto, weka kiganja karibu na tundu inapotolea hewa usikie upepo ukoje.

Hilo la kiganja linasema mambo mengi. Upepo mkali na wa moto maana yake mfumo wa kupoza unafanya kazi, tafuta kinachoipa prosesa kazi nyingi au uangalie joto la chumba. Upepo dhaifu na wa moto sana, njia imeziba. Upepo mkali lakini wa baridi huku programu inasoma nyuzi 95, joto halifiki kwenye mapezi ya kupozea, na hapo ndipo unashuku pesti, skrubu zilizolegea au ule mrija wa shaba unaobeba joto kutoka prosesa kwenda kwenye mapezi, kama umekufa. Usiposikia upepo kabisa, ni feni.

Halafu ikikata huku namba iko chini, tuseme 60 au 65, tutaachana na habari ya joto twende kwenye chaja na betri.

Stesheneri Kirumba

Ahsante kaka fundi, nimefanya ulivyosema. Ikiwa imekaa tu bila kazi inasoma 71. Nilipofungua Chrome yenye kurasa nyingi na kuanza kuskani vyeti vya mteja ikapanda hadi 98. Nikaona kasi ya prosesa inashuka mpaka 0.8 GHz, mashine ikawa nzito kweli, haikuchukua muda ikakata. Upepo ni dhaifu lakini unaunguza kiganja. Kwenye Task Manager, bila kufanya lolote, inachezea asilimia 22 hadi 30.

Fundi Mabatini

Hapo umenipa kila kitu. Matatizo ni mawili na yamekutana. Upepo dhaifu wa moto ni njia iliyoziba. Halafu kuna programu inayokula robo ya prosesa wakati hujafungua kitu. Mashine ya aina hiyo ikiwa imekaa kimya ingetakiwa kusoma kama 40 hadi 55 kwa hali yetu ya hewa, na prosesa ichezee asilimia chache tu.

Nikuulize. Kibandani hapo taa yako ya usiku iko wapi? Na jirani zako wanafanya biashara gani?

Stesheneri Kirumba

Taa iko juu ya meza, usawa wa mashine. Jirani wa kulia anakaanga chipsi na samaki, wa kushoto anauza vocha. Kwa nini?

Fundi Mabatini

Kwa sababu mashine za mwambao wa ziwa hazina uchafu sawa na wa mashine za mjini kati, na namna ya kuzisafisha inabadilika.

Wote hapa tunawajua wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopanda angani kwa makundi hadi ukiwa mbali unadhani kuna kitu kinaungua majini. Viluwiluwi vyao vinaishi kwenye tope la chini ya ziwa, wakikomaa wanatoka kwa pamoja, na baadhi ya aina zao hutoka kwa kufuata mwezi, hasa mwezi mwandamo. Usiku wanafuata taa. Taa yako iko juu ya mashine, feni ya mashine inavuta hewa kutoka chini, na wao ni wepesi kuliko hata vumbi. Wanaingia. Wakishaingia wanakwama kwenye mapezi, yale mabati membamba ya shaba au alumini yaliyopangwa karibukaribu mbele ya feni. Nafasi kati ya pezi na pezi ni kama milimita moja au pungufu. Mdudu mmoja anatosha kuanzisha kizuizi, kisha vumbi la karatasi za printa linamwegemea, nywele, nyuzi za nguo. Ongeza mvuke wa mafuta ya chipsi, vyote vinashikana na kukauka pamoja.

Ndiyo maana kwa mashine ya Kirumba, Igombe au Mwaloni sipendi mtu apulize blowa kwa nje kupitia tundu la hewa. Vumbi kavu la Buhongwa au Kishiri linaweza kutoka hivyo. Uchafu wenye mafuta hautoki, unarudi ndani na kukwama kwenye feni yenyewe. Lazima ufungue.

Na hali yetu inatubana kidogo pia. Ziwa liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar au Tanga, kwa hiyo feni ikizunguka kwa kasi ileile inabeba joto pungufu. Tofauti si kubwa kwa mashine safi, ila kwa iliyoziba inaongeza shida. Na watengenezaji wengi wanaandika nyuzi 35 kuwa ndio mwisho wa joto la chumba. Kibanda cha bati kisicho na dari, saa nane mchana, kinapita hapo bila shida, hata kama nje ni 29. Kila nyuzi inayoongezeka chumbani inaongezeka karibu nzima kwenye prosesa. Kwa hiyo mtu akisema "Mwanza kuna joto, ni kawaida laptopu kuchemka", mwambie Mwanza inaongeza nyuzi chache tu. Nyuzi 98 zina sababu yake ndani ya mashine.

Malimbe Hosteli

Shikamooni wakuu. Samahani dada kwa kuingilia uzi wako. Mimi ni mwanafunzi huku Malimbe, yangu inachemka nikiwa chumbani tu, nikienda maktaba inatulia. Njia inaweza kuziba kwa kuchagua sehemu?

Fundi Mabatini

Marahaba mdogo wangu. Chumbani unaitumia juu ya nini?

Malimbe Hosteli

Kitandani, mara nyingi juu ya blanketi.

Fundi Mabatini

Basi jibu ni hilo. Laptopu nyingi zinavuta hewa kwa matundu ya chini. Godoro na blanketi vinayafunga yote, feni inazunguka bila kupata hewa. Weka kitu kigumu chini yake, hata kipande cha ubao au jalada gumu la kitabu kikubwa, na unyanyue nyuma kidogo ili pabaki nafasi. Dada wa Kirumba na wewe kagua, kama meza ina kitambaa au nailoni laini inayojikunja chini ya mashine, iondoe.

Stesheneri Kirumba

Kitambaa kipo, nakitoa leo. Sasa kaka, kufungua naweza mwenyewe? Nina bisibisi ndogo za simu na mikono mitulivu. Yule fundi wa madabodi simrudii.

Fundi Mabatini

Unaweza. Kwanza tafuta mwongozo wa modeli yako. Dell, HP na Lenovo wote wanaweka kwenye tovuti zao miongozo ya kufungua mashine, bure, yenye picha ya kila skrubu. Pakua kabla hujashika bisibisi.

Zima kabisa, usiilaze tu. Toa chaja. Fungua kifuniko cha chini taratibu, skrubu zipange juu ya karatasi kwa mpangilio uleule zilivyokaa, maana zinatofautiana urefu, na ndefu ikiingia mahali pa fupi inaweza kutoboa hadi upande wa kibodi. Kitu cha kwanza kuchomoa ndani ni kiunganishi cha betri. Hapo usiruke, hata kama una haraka. Gusa chuma kikubwa kidogo uondoe umeme wa mwilini, kisha endelea.

Feni ina skrubu mbili tatu na kebo ndogo. Kebo ivute kwa plastiki yake, usishike nyaya. Ukishaitoa utaona mapezi. Uchafu uliojikusanya hapo ubanue kwa kibanio, unaobaki utoe kwa mswaki mpya laini. Mapanga ya feni yafute kwa kitambaa chenye spiriti kidogo. Ukitaka kupuliza, zuia mapanga kwa kijiti cha meno. Feni ikizungushwa kwa upepo wa blowa inapita kasi yake, beringi zinaumia, na kama kebo imechomekwa inaweza kurudisha umeme kwenye madabodi. Usipulize kwa mdomo, mate yanaingia.

Kuhusu pesti, kwa umri wa mashine yako ningeibadilisha wakati huohuo, kwa kuwa umeshafungua. Skrubu za kibamba cha shaba juu ya prosesa zina namba 1, 2, 3, 4. Legeza kwa kurudi nyuma kuanzia 4, kidogokidogo kila moja. Pesti ya zamani ifute kwa spiriti ya asilimia 90 au zaidi. Ile ya kusafishia vidonda mara nyingi ni 70, ina maji mengi, ukiitumia subiri ikauke kabisa. Usiparue kwa kisu. Pesti mpya weka kiasi cha punje ya mchele, itandaze nyembamba ifunike kile kioo kidogo cha prosesa chote. Ukizidisha haipozi zaidi, inamwagika pembeni tu. Kisha funga kuanzia 1, kila skrubu nusu kwanza, halafu rudia kukaza.

Angalizo moja zito. Ukikuta pedi laini za kijivu au za bluu juu ya chipu nyingine, zirudishe kama zilivyo, au weka mpya zenye unene uleule. Usiweke pesti mahali pa pedi. Pedi inajaza nafasi ya nusu milimita hadi milimita moja na zaidi, pesti haifiki juu, na chipu hiyo inabaki bila kupozwa. Na ile pesti ya metali ya kimiminika inayosifiwa mtandaoni, achana nayo. Inapitisha umeme na inakula alumini.

Igoma Yetu

Hapa naweka kambi. Dawa ya meno je? Niliwahi kusikia inashika joto vizuri.

Fundi Mabatini

Ikiwa mbichi inapitisha joto kwa muda, maji yake yakikauka inabaki chokaa. Tena ina unyevu unaogusa vyuma. Sirinji ndogo ya pesti ya kawaida inatosha mashine kadhaa, nunueni kwa kuchangiana.

Stesheneri Kirumba

MREJESHO.

Wadau, nimefungua jana Jumapili baada ya ibada, na mdogo wangu akinishikia tochi. Mwongozo wa Dell umenisaidia sana, kila skrubu imeonyeshwa.

Nilipotoa feni, kati yake na mapezi kulikuwa na ukuta wa kijivu umesimama. Mapezi yenyewe hayaonekani kabisa. Niliushika kwa kibanio ukatoka mzima, kipande kimoja kilichopinda kufuata umbo la feni, mnene kama jalada la daftari. Nimeuweka kwenye karatasi nyeupe na kuutazama kwa tochi. Kuna mabawa madogo membamba, mengi sana, na miguu ya wadudu. Kuna nywele zangu. Kuna nyuzi za kitenge, nazijua rangi zake. Unanata vidoleni na una harufu ya mafuta ya kukaangia. Mdogo wangu akauliza hewa ilikuwa inapita wapi, sikuwa na la kumjibu.

Pesti ilikuwa imekauka kweli, inapukutika unga ukiigusa. Nimeweka mpya, pedi nimezirudisha kama zilivyokuwa. Sasa mashine ikiwa kimya inasoma 56. Kwa kazi nzito, Chrome na kuskani pamoja, imefika 82 na haijakata. Upepo wa kushoto ni mkali, unausikia hata kiganja kikiwa mbali.

Nimefurahi mno. Lakini feni bado haitulii, na ile asilimia 22 iko palepale.

Fundi Mabatini

Safi sana dada, hongera. Kazi hiyo wapo mafundi wanaoilipisha na hawaifanyi vizuri hivyo.

Asilimia 22 sasa. Kwenye Task Manager bonyeza safu ya prosesa ili vinavyokula zaidi vipande juu, utuandikie majina mawili matatu ya kwanza.

Stesheneri Kirumba

Zinazobadilishana juu ni programu mbili za kuzuia virusi. Moja niliikuta kwenye mashine, nyingine niliiongeza mwenyewe kwa sababu ya flashi za wateja.

Fundi Mabatini

Ndizo hizo. Kila moja inakagua kila faili linaloguswa, na mwenzake akifungua faili kulikagua, hii nayo inalikagua tena. Hazimalizi. Chagua moja, nyingine iondoe kabisa kwa utaratibu wake wa kuondoa programu kisha uwashe upya. Ukipenda ondoa zote mbili, kinga iliyokuja na Windows yenyewe itajiwasha, na kwa kazi ya stesheneri inatosha ukiiruhusu kupata apdeti. Flashi ya mteja iskani kabla ya kuifungua.

Kwa saa zile za joto kali kuna kitu kingine. Kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, sehemu ya prosesa, kuna kiwango cha juu kinachosomeka 100%. Weka 99%. Kwa mashine nyingi za Intel hiyo inazima ile kasi ya ziada ambayo prosesa hujipandishia, na joto linashuka sana. Kwa Word, Excel na fomu za mtandaoni hutaona tofauti kubwa. Mashine nyingine zimeficha mpangilio huo, usipouona usihangaike.

Stesheneri Kirumba

Nimeondoa ile ya pili. Ikiwa kimya sasa ni asilimia 2 hadi 4, joto 47, feni nalazimika kuinamisha sikio kuisikia. Nimeiwasha leo tangu asubuhi, wateja hawajakatika, haijazima hata mara moja. Mungu akubariki kaka. Yule kijana wa maombi ya chuo nitampigia simu aje nimalizie fomu zake bure.

Swali la mwisho. Wadudu watarudi. Nikifunika tundu la chini kwa wavu laini au soksi nyembamba?

Fundi Mabatini

Usifunike. Wavu wa kuzuia mdudu mdogo kiasi kile unabana na hewa, na ukishajaa utakuwa umejenga upya ule ukuta ulioutoa, safari hii kwa nje. Hamisha taa. Iweke mbali na meza, karibu na mlango au nje ya kibanda, wafuate huko. Wakitanda sana, funga kazi mapema au zima mashine uifunike kwa kitambaa mpaka asubuhi. Na kama unaweza kusogeza meza upande wa muuza vocha, utaepuka mvuke mwingi wa mafuta.

Ile namba 47 iandike mahali. Mara mojamoja pima tena kwa utaratibu uleule, mashine ikiwa kimya, saa ileile ya siku. Ikianza kupanda kuelekea 57 ujue uchafu unajijenga, fungua kabla haijaanza kukata.

Mwalimu wa Sengerema

Nimefuatilia uzi huu kwa makini, ahsanteni vijana. Laptopu yangu haizimi, lakini inapata joto chini na siku hizi haikai sawa mezani, inayumba. Padi ya kusogezea kishale nayo imenyanyuka, haibonyezeki vizuri. Nayo ni vumbi?

Fundi Mabatini

Shikamoo mwalimu. Hapana, na hili naomba ulifanye leo. Dalili hizo ni za betri iliyovimba. Zima mashine, chomoa chaja, usiichaji tena na usiibonyeze irudi. Betri ikitobolewa au kukandamizwa inaweza kuwaka moto, na moto wake ni mgumu kuzima. Mpelekee fundi aitoe kwa vifaa vya plastiki, isitupwe jalalani wala kuchomwa na takataka. Mashine nyingi zinawaka kwa chaja bila betri, kwa hiyo kazi zako utaendelea nazo ukisubiri mpya.

Ukipata mpya, angalia kama BIOS (mipangilio ya mashine inayofunguka kabla ya Windows) au programu ya mtengenezaji inakuruhusu kuweka kikomo cha kuchaji, kama asilimia 80. Mashine inayokaa kwenye chaja mchana kutwa, betri imejaa na chini kuna joto, ndiyo inayovimbisha betri haraka.

Mwalimu wa Sengerema

Marahaba. Nimeizima na kuitoa chumbani wanapolala watoto. Kesho navuka kuja mjini.

Capri Mdau

Na sisi wa MacBook Air M1? Yangu haina kelele kabisa ila nikihariri video inachemka kwa juu na kuwa nzito.

Fundi Mabatini

Hiyo haina feni ndani, imetengenezwa hivyo. Joto linatoka kupitia bodi lake la alumini, na likizidi prosesa inapunguza kasi. Hakuna cha kusafisha. Iondoe kwenye kasha la plastiki kama umeivalisha, iweke juu ya meza ngumu mahali penye upepo, na hapa ndipo feni ya mezani au ile stendi inasaidia kweli.

Mtu wa Ukerewe

Fundi, yangu ni HP. Kwa kufuata uzi huu nimegundua upepo hakuna kabisa, na leo imewaka na maandishi meusi yanayotaja feni na namba 90B. Ninunue feni?

Fundi Mabatini

90B kwenye HP ni mashine kukuambia haioni feni ikizunguka inavyotakiwa. Kabla ya kununua, fungua, chomoa betri, uangalie kama kebo ya feni imelegea kwenye kiunganishi. Kisha sukuma mapanga kwa kidole. Yakizunguka kwa wepesi, safisha, chomeka upya na ujaribu. Yakikwama au yakikwaruza, beringi zimekwisha, feni mpya inahitajika. Usiendelee kuitumia hivyo kwa kuruka ile onyo.

Mgongoni mwa feni kuna kibandiko chenye namba ya sehemu. Piga picha iweke hapa kabla hujavuka kuja Mwanza kuitafuta, maana modeli moja inaweza kuwa na feni za aina mbili, ya mashine yenye kadi ya grafiki na ya isiyo nayo, na matundu ya skrubu hayalingani.